Penseli ya Mfukoni mwa Mlinzi

"Hii nayo hapana," alisema mgeni, akairudisha penseli ya nne kwenye trei.

Mlinzi wa ukumbi wa tatu alijichekesha. Kanuni ya jumba lile la makumbusho ilijulikana: kalamu za wino zinabaki mlangoni, na penseli za kuchonga pia, kwa sababu kichongeo kina wembe. Anayetaka kuchora huazimwa penseli ya kubonyeza, isiyohitaji kuchongwa, fupi, inayotosha kiganjani. Wageni wengi hushika ya kwanza wakaenda zao. Huyu mama wa makamo, mwenye miwani na kidaftari cha mfukoni, alikuwa anachagua penseli kama anayemchagulia mwanawe mchumba.

"Hiyo ina kasoro gani, mama?"

"Risasi yake nene mno. Nikichora unywele nitapata kamba."

Mlinzi alilijua hilo. Trei aliipanga mwenyewe asubuhi, akaweka penseli nene tupu, na alikuwa na sababu zake. Juzi mkurugenzi alitangaza kwamba mtaalamu wa picha za kale atapita wiki hii kukagua, tena bila kujitambulisha. Na mlinzi alibakiza siku tisa tu astaafu. Hotuba ya kumuaga ilishaandikwa, na mkewe alishashona gauni la sherehe.

Kilichomnyima usingizi kilikuwa kinaning'inia ukutani, futi sita kutoka kwenye kiti chake: mchoro wa penseli wa bibi anayetunga uzi kwenye sindano. Kibao cha chini kilisema una miaka mia mbili. Kibao kilisema uongo.

Miaka miwili nyuma, nondo aliingia nyuma ya kioo cha fremu. Mlinzi, kwa kiherehere chake, aliishusha picha, akaifungua, akamtoa mdudu salama salimini. Kisha kiwiko chake kikagonga kikombe cha chai ya maziwa. Alilia kama mtoto. Alipomaliza kulia akatumia akili. Alikuwa amekaa akimtazama yule bibi kwa miaka kumi na moja, kila kunyanzi alilijua. Siku za usafi, kumbi zikiwa zimefungwa, alimchora upya kwenye karatasi aliyoikata katika rejista kuukuu, kwa penseli yake mwenyewe ya kubonyeza, nyembamba, anayoiweka mfukoni. Akamtundika. Wanafunzi wakaendelea kuja, walimu wakaendelea kusifu.

Tatizo lilikuwa moja. Penseli ya kubonyeza hutoa mstari wa unene uleule, mwanzo hadi mwisho, na wachoraji wa enzi zile hawakuwa nayo. Mtu mwenye penseli nyembamba akichora mbele ya picha ile, ataona mistari yake na ya ukutani imefanana kama Kulwa na Doto.

"Na hiyo ya mfukoni mwako?" mgeni aliuliza.

Mlinzi alishika mfuko wa shati kama aliyeumwa na siafu. "Hii? Hii ya kujazia fomu tu. Halafu inakwama kwama."

"Nitaivumilia." Mkono ulikuwa umeshanyooshwa.

Angefanyaje? Alimpa.

Mama alibonyeza mara mbili, akapita picha kumi na moja bila hata kugeuza shingo, akasimama mbele ya bibi wa sindano. Kibao hakukisoma. Alianza kutabasamu, kisha tabasamu likakatika. Akachora uzi mmoja kwenye kidaftari. Akatazama kidaftari, akatazama ukuta, akasogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Fremu hii," aliuliza bila kugeuka, "skrubu zake za nyuma bado ni nne?"

Mlinzi alishika mgongo wa kiti chake. Nani mwingine angejua habari za skrubu kama si mtaalamu? "Nne, mama."

"Wewe unachora?"

"Mimi? Mimi nikichora kuku, watu wanauliza ni gari la aina gani."

Hakucheka. Aligeuka, akavua miwani. "Mzee wangu, tusichoshane. Iliyokuwa hapa iko wapi?"

Mlinzi alifikiria kukana. Alifikiria kujitia kiziwi. Lakini njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani. Alichungulia mlangoni, akahakikisha hakuna mtu, akatapika yote kwa kunong'ona: nondo, kiwiko, chai, rejista. Alisema hata lile la mwisho, kwamba ile iliyoharibika aliichoma jikoni kwake mkewe akiwa sokoni.

"Nifukuze tu, mtaalamu," alisema, na alimaanisha, maana kwa mara ya kwanza katika miaka miwili kifua kilikuwa chepesi. "Ila mke wangu nimwambie mimi mwenyewe. Gauni ameshashona."

Mama alijishika paji la uso. Aliketi kwenye kiti cha mlinzi bila kukaribishwa, akaitazama ile penseli mkononi mwake.

"Mtaalamu gani?" alinong'ona kwa uchungu. "Hata hiyo uliyoichoma haikuwa ya kale, niliichora mimi, miezi minne, nachonga penseli kwa kisu mpaka vidole vikaota sugu, halafu wewe ukaimwagia chai!"