Kitabu Kwanza

Kuanzia sura ya nne, hakusoma tena kilichoandikwa.

Macho yake yalibaki kwenye ukurasa, kidole kikifuata mistari, sauti ileile ya upole. Lakini wale ndugu wawili waliokuwa wakijenga daraja aliwaacha hukohuko mtoni, akamwingiza bibi mmoja mwenye roho ya jiwe.

"Huyo naye ametokea wapi?" mama mkwe aliuliza kutoka kwenye kochi. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili. Alibakiwa na masikio.

"Ni mama yao wale ndugu. Anakaa na yule mkubwa na mkewe, nyumba moja."

"Haya. Endelea."

Katika nyumba ile sheria ilikuwa moja: kitabu kwanza, filamu baadaye. Mama mkwe aliiweka tangu wanawe wakiwa wadogo, na hakuna aliyegusa rimoti kabla ya kumaliza ukurasa wa mwisho. Redio ilipotangaza kwamba Jumamosi itaonyeshwa filamu iliyotokana na riwaya moja ya zamani, alimwita mke wa mwanawe. "Kakitafute hicho kitabu, unisomee."

"Mama naye!" mwanawe alicheka huku akipiga pasi shati. "Kitabu wiki nzima, filamu saa mbili tu. Mimi nasubiri filamu."

"Wewe umesubiri filamu tangu darasa la kwanza. Ndiyo maana mpaka leo barua unaandikiwa na mkeo."

Mkewe hakucheka. Kumsomea mwanamke huyu! Mwaka uliopita, alipoanza masomo ya jioni, mama mkwe alisema kuwa mama anayebeba daftari badala ya mtoto hafai kulea. Akamfungashia nguo Chiriku, mjukuu wake mdogo aliyekuwa akianza kuongea kabla hajafumbua macho asubuhi, akampeleka mji mwingine kwa wifi, ambaye hakujaaliwa mtoto. Mumewe alitazama sakafu. "Mama ameshasema," ndilo neno pekee alilokuwa nalo.

Basi angemsomea. Angemsomea mpaka akome. Angemwacha amlaani yule bibi kwa mdomo wake mwenyewe. Halafu Jumamosi, sebule ikiwa imejaa, filamu ikiisha bila bibi yeyote kutokea, angemwambia mbele ya wote: Hayumo kitabuni, mama. Amekaa kwenye kochi.

Kila alasiri alimwongezea bibi dhambi nyingine. Bibi alimpokonya mkwewe mtoto ampeleke mbali, akimbandua vidole kwenye mlango. Bibi aliwaambia majirani kuwa mama mtu ameridhia mwenyewe. Mumewe naye alianza kusimama pembeni kusikiliza, akitikisa kichwa. "Jamani vitabu! Kweli watu wa hivyo wapo?"

"Na mama wa mtoto?" mama mkwe aliuliza siku moja, polepole. "Hakusema kitu?"

Aligeuza ukurasa. "Kitabu kinasema hakuna aliyemuuliza."

"Usiku je?"

"Analala na gauni la mtoto chini ya mto. Halifui, asije akapoteza harufu."

Mama mkwe alijikohoza, akakaa vizuri, kisha akajikohoza tena.

"Huyo bibi arudishe mtoto wa watu," alisema.

Amenasa! Ilimbidi auume mdomo wa chini ili raha isisikike kwenye sauti.

Ijumaa alimuua bibi. Alimuua vibaya: kipofu, peke yake, akiita maji katika nyumba isiyo na mtu. Akafunga kitabu, akangoja. Mama mkwe aliinuka. Alipapasa ukuta hadi chumbani kwake, akafunga mlango, na muda si mrefu akasikika akiongea na simu kwa sauti ya chini.

Jumamosi wifi aliingia na begi kubwa. Nyuma ya begi ikaja sauti: "Mama, nimepanda basi! Dereva ana ndevu mpaka hapa! Mama, mbona unalia?"

"Mama kasema nimlete na vitu vyake vyote," wifi alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sijui mmemlisha nini humu ndani."

Mama mtu alimpakata Chiriku, akazika uso kwenye shingo yake. Na hapo ndipo hofu ilipomshika. Dakika chache tu filamu ingeanza. Mama mkwe angesikia kila kitu, angejua amechezewa. Na begi lilikuwa bado mlangoni, halijafunguliwa.

"Mama," alisema, "hii filamu tuiache tu. Filamu zinaharibu vitabu. Wanakata, wanaongeza vyao..."

"Thubutu!" mumewe alisema. "Wiki nzima nimevumilia."

"Washa," mama mkwe alisema.

Ndugu wawili. Mto. Mafuriko. Kila mwanamke aliposikika kwenye runinga, mama mtu alimkumbatia Chiriku kwa nguvu zaidi, mpaka mtoto akalalamika, "Mama, unanibana!" Daraja likasimama, ndugu wakashikana mikono, majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Bibi hakutokea hata kwa kupita.

Mumewe alijikuna kichwa. "Sasa mbona wamemtoa yule bibi? Na mtoto je? Nusu ya kitabu haipo!"

 

Mama mkwe alinyoosha mkono, akapapasa hewani, akaupata mguu mdogo wa mjukuu wake, akaushika.

"Hawakutoa kitu," alisema. "Kitabu hicho nilikisoma mara mbili, wewe hujazaliwa."