Mpaka Paka Afe

Asubuhi hiyo paka alikataa samaki, na kinu kizima kikaingiwa na baridi.

"Hata mchuzi?" aliuliza Fundi wa mashine, kichwa kimechungulia mlangoni mwa stoo, uso wote mweupe kwa unga.

"Hata mchuzi," alijibu Hasahau.

Jina lake la kuzaliwa lilishaachwa. Walimwita Hasahau kwa sababu ukimkosea leo, atakukumbusha siku ya harusi ya mjukuu wako. Kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia. Kazi ya pili, ambayo hakuna aliyemlipa, ilikuwa kumuuguza paka huyo, Unga. Alimpondea samaki kwa kijiko, kwa kuwa meno yalikwisha. Alimbeba kumpeleka juani, na jua likichachamaa alimrudisha ndani. Alimfuta nyuma kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu bila kukunja uso, huku akimsimulia ubaya wa matajiri, mmoja baada ya mwingine. Paka alisikiliza vizuri kuliko watu wengi.

"Shangazi, Tajiri anakuja leo," Fundi alisema.

"Aje. Kinu chake."

Lakini hakumtazama usoni. Kila mtu pale alijua kilichokuwa hatarini: saa ya mchana. Kila mchana mashine zilizimwa kwa saa nzima, watu wakala, wakanyoosha miguu juu ya magunia, wakasengenyana kwa raha zao. Saa hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Waliipata kwa mgomo.

Siku ile nywele za Hasahau zilikuwa nyeupe kwa unga tu. Walikaa chini wote, hakuna aliyegusa mashine, hadi Tajiri akafika, mama yake mzazi yumo garini. Alipoambiwa wanataka kupumzika, alicheka mpaka akashika tumbo. Akamnyooshea kidole paka aliyekuwa amelala juu ya gunia.

"Haya! Namwapia mama yangu huyu hapa. Mtapumzika mpaka paka yule afe!"

Alidhani amefanya mzaha. Hasahau alilichukua neno lake kama lilivyo, akaenda dirishani mwa gari, akamwambia bibi kizee, "Mama, umesikia?" Bibi akasema amesikia. Na Tajiri, ambaye haogopi serikali wala mvua, anamwogopa mama yake mpaka leo.

Fundi aliingia stoo, akainama juu ya paka. Ubavu ulipanda kidogo, ukakawia, ukashuka.

"Nimesahau spana nyumbani," akasema, akatoka mbio.

Alirudi akihema, amekumbatia sanduku la vifaa kama mtu aliyeazimwa mtoto mchanga. Honi ikalia getini.

Hasahau aliweka kiganja juu ya ubavu wa Unga, akakiacha hapo kwa muda.

"Haya," akamwambia Fundi kwa sauti ya chini. "Fanya kazi yako."

Akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake.

Tajiri aliingia kinuni na leso puani. Alimkuta mchukuzi, jitu la miraba minne waliloliita Kontena.

"Mgongo vipi siku hizi?"

"Unaendelea vizuri, Tajiri," alijibu Kontena, ambaye mgongo haukuwahi kumuuma. Aliyeumwa mgongo alistaafu zamani, tena alikuwa mfupi. Lakini kwa Tajiri, aliyepakwa unga ni aliyepakwa unga. Ndivyo alivyowaona tangu siku ya kwanza, na Hasahau aliliweka hilo moyoni.

"Nasikia yule paka wenu anakata roho," Tajiri alisema, furaha ikimponyoka mdomoni.

"Nani kakwambia?" aliuliza Hasahau, amesimama mlangoni mwa stoo.

"Dereva wangu."

"Dereva wako ana umbea."

"Jamani, si mkatupe tu huko nje? Kamezeeka mno."

"Mji huu umejaa wazee waliotupwa," alisema Hasahau. "Watu na paka. Sisi hapa hatutupi."

"Nataka kumwona."

"Ngoja, anafutwa." Alijaa mlangoni, mikono kiunoni. Ndani kitu kilianguka, kisha Fundi akapiga chafya. "Haya, pita. Usimkanyage mkia."

Juu ya gunia lililokunjwa, paka mweupe pepepe, kuanzia sikio hadi mkia, alikuwa akila samaki kwa fujo. Aliinua kichwa, akamtazama Tajiri kama mtu aliyekatiziwa chakula, akapiga mwayo. Mdomoni lilibaki jino moja.

"Mlisema anakufa!"

"Alisema dereva wako."

Tajiri alimzunguka paka, akakuna kidevu. "Hivi huyu ana roho gani?"

"Ya paka, Tajiri."

Kontena alilazimika kutoka nje kucheka. Gari liliondoka kwa hasira, vumbi likabaki. Mashine zikazimwa, na watu wakajimwaga juu ya magunia kama kawaida yao.

Hasahau hakukaa. Alichukua kifuko kipya, akakishona mdomo kwa mkono, polepole, mshono ambao hakuwahi kumshonea mteja yeyote. Akaenda nacho nyuma ya stoo. Fundi alimfuata na jembe, kofia ameivua.

Walichimba kwenye kivuli cha ukuta, wakamlaza Unga, ndani ya kifuko chake, kando ya akina Unga wengine wanne. Hasahau alijifuta machozi, shavu likabaki na donge la unga, kisha akarudi ndani upesi, maana Unga wa sita alikuwa anamlilia samaki.