Kidoli Ndani ya Mkate

Griselda alihisi kidoli cha plastiki chini ya ulimi, akaacha kutafuna. Kwa desturi yetu, kidoli hufichwa ndani ya mkate wa Sikukuu ya Wafalme, tarehe sita Januari, na anayekipata huwapikia wenzake tamale, yaani unga wa mahindi wenye nyama uliopikwa ndani ya maganda, tarehe mbili Februari.

Wafua nguo wa hoteli, wote kumi na mmoja, walimtazama. Walimshuku tangu apandishwe cheo kuwa msimamizi wao. Mfukoni alikuwa na orodha ya meneja: watatu kati yao waachishwe kazi kabla Januari haijaisha.

"Mbona hutafuni, bosi wetu?" mmoja aliuliza. "Au Februari hatutakuwepo?"

Hakuna aliyecheka.

Griselda alikitema kidoli kiganjani, akakipangusa kwa aproni, akakiweka mezani.

"Tamale za nguruwe. Nitawapikia nyote kumi na mmoja."

Kisha akaitoa orodha mfukoni, akapanda ngazi kwenda kumrudishia meneja.