Kibofu cha Bibi wa Kitanda cha Sita

"Fungua na bomba la pili!" aliamuru Mkuu wa upasuaji. Likafunguliwa. Wodi nzima ya akina mama ikawa inatiririka kama ina paa bovu.

Muuguzi alimimina maji kikombe hadi kikombe, kwa juu, yapige kelele. Mama wa kitanda cha tano alipiga "shhhh", vile mtu anavyomkojoza mtoto. Katikati yao alikaa Bibi wa kitanda cha sita, jagi la kupimia mkojo mapajani. Jagi kavu kabisa.

"Bado, Bibi?"

"Bado, mwanangu. Ongeza chai, Mkuu, usikae mkavu."

Mambo yalianza siku kumi nyuma. Daktari wa Bibi, dada mmoja mwembamba, alimtoa kizazi chenye kansa pamoja na nyama zilizokizunguka. Ilimchukua saa saba, kwa sababu alikuwa akiitenga mishipa ya fahamu ya kibofu, mmoja mmoja, myembamba kama utando wa buibui. Hiyo ikikatika, mtu hasikii mkojo wala hawezi kuutoa. Anabaki na mpira wa mkojo maisha yake yote.

Mkuu yeye angemaliza kwa saa tatu. Na alilisema hilo pale pale kitandani, akidhani Bibi bado yuko kwenye dawa ya usingizi.

"Saa saba kwa bibi wa miaka sabini na mbili! Kibofu cha kazi gani kwa umri huo? Anakwenda mashindanoni?"

Bibi alikuwa amefumba macho tu.

Daktari akabisha, Mkuu akaweka sharti. Siku mpira aliowekewa baada ya upasuaji utakapotolewa, Bibi awe amekojoa mwenyewe kabla ya saa sita mchana. Akishindwa, mpira unarudi, na huo upasuaji wa polepole unakoma pale hospitalini, asiusikie tena. "Na nitakuja kukaa mwenyewe. Sitaki kuletewa jagi la maji ya bomba."

Basi siku yenyewe ndiyo hii. Mpira ulitolewa alfajiri. Mkuu alifika saa tatu, akavuta kiti, akaapa haondoki. Bibi akamkaribisha chai ya chupa yake. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu.

Saa tano Mkuu alikunja miguu. Saa tano na nusu aliikunja upande wa pili. Mabomba yanaimba, kitanda cha tano "shhhh".

"Hayo maji yapunguzwe kidogo," alisema Mkuu.

"Ni amri yako mwenyewe, Mkuu," muuguzi akamjibu, akainua kikombe juu zaidi.

Daktari alisimama dirishani, machozi yakimlengalenga. Muuguzi akamvuta mkono. "Usilie, Daktari. Kanywe maji."

"Maji tena?"

Ilipobaki dakika kumi, Mkuu aliinuka, akaanza kunyata kuelekea chooni, magoti yamebanana. Choo cha wodi kilikuwa kimoja. Bibi naye akainuka na jagi lake, akampita.

"Ngoja nijaribu humu ndani, Mkuu. Labda ni haya tu, watu wote mnanitazama."

Komeo likalia: kacha.

"Bibi!" Mkuu aligonga mlango. "Unatoka lini?"

"Nautafuta, mwanangu. Usiniharakishe, hii kazi ni ya polepole."

"Bibi, nakuomba! Nakupigia magoti!"

"Ukiweza kuyaachanisha, piga."

Wodi ikacheka. Mkuu hakucheka. Alisimama ghafla, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Kisha viatu vyake vya ngozi vikaanza kujaa.

Saa ya ukutani ikafika sita kamili. Muuguzi akafunga mabomba, akainua godoro la kitanda cha sita, akachomoa karatasi ya vipimo na kumpa Daktari. Saa kumi na mbili asubuhi, mililita mia tatu. Saa mbili, mia tatu na hamsini. Mabaki kibofuni, hakuna.

Mlango wa choo ukafunguka kidogo, mkono ukatokeza na jagi lililojaa.

"Hii andika mia nne," alisema Bibi. "Na Mkuu mmemwandikia ngapi?"