Muone Mwenyewe

Rangi nyekundu ilikuwa bado mbichi, inachuruzika ukutani: NYUMBA INAUZWA. MUONE MWENYEWE, MASELE, MWALONI.

Mwenyewe? Mama alishika kiuno. Nyumba hii ya Kirumba aliijenga yeye na marehemu mumewe, mawe ya msingi wakiyabeba kichwani kutoka mlimani. Masele ni dalali tu. Kati ya madalali watatu alimchagua yeye kwa ile shikamoo yake ya kuinama mpaka chini, wala hakuuliza amewahi kumuuzia nani.

"Mama mdogo, hiyo ni lugha ya biashara tu," Masele alicheka, brashi mkononi.

Mgeni aliyekuja naye akasogea. "Kumbe wewe ndiye mpangaji? Mwenyewe ameniahidi utahama Jumamosi. Tumeshaandikishana."

Masele akaacha kucheka.

Mama akampokonya brashi, akaizamisha kwenye kopo la rangi mpaka mpini, akamkaba ukosi na kumbana ukutani. Akaanza kuandika kifuani, kwenye shati lake jeupe: M, W, I.

"Mama, watu wanaangalia!"

"Waache wasome. Na wewe tulia, mimi nimeishia darasa la nne, naandika polepole."