Mtoto wa Desemba

"Mama Luka, mwanao kazaliwa mwezi gani?" kocha aliuliza pale uwanjani Miyuji. "Watoto wananidanganya, ndiyo maana nauliza wazazi."

Timu ya vijana waliozaliwa mwaka 1979 ilibakiza nafasi moja. Waliokwisha kuchaguliwa walipanga mstari vumbini, warefu, mabega kama ya watu wazima.

"Hawa karibu wote ni wa Januari na Februari. Wamewatangulia wenzao kukua, basi. Luka mpira anaujua. Kama ni wa mwisho wa mwaka namchukua, bado atarefuka. Lakini wa Januari mwenye kimo kile, hapana."

Luka alikuwa wa Desemba. Alisimama kando na viatu vya mtumba vilivyompwaya, vimejazwa matambara mbele. Mama yake alizoea kumnunulia viatu vikubwa mno, na hakuwahi kujiuliza anampimia nani.

Mama akautazama ule mstari. Januari ya mwaka huohuo alijifungua mtoto wake wa kwanza, akamzika kabla ya arobaini. Huyu wa Desemba akarithishwa jina lake, Luka. Yule wa kwanza leo angesimama pale, kati ya wavulana wawili walioachiana nafasi kidogo, jasho likimtiririka shingoni.

Pale katikati, vumbi lilitulia kana kwamba kuna mtu amelikanyaga.

"Mama Luka? Luka kazaliwa lini?"

"Januari," akajibu.

Luka akamtazama mama yake. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.