Sindano ya Pili

"Sukari imempanda! Mshike mkono nimchome," alisema mdogo wa mume wa Kabula, huku akivuta insulini ya kushusha sukari kwenye bomba la sindano.

Kabula alipiga magoti uani, kando ya mumewe. Mwanamume huyo, ambaye hakuwahi kuonja pombe, alikuwa akibwabwaja kama mlevi. Alimtazama mkewe bila kumtambua.

"Alishajichoma asubuhi," Kabula alisema.

"Basi haikutosha. Shemeji, unataka afe?"

Vijiti vya kupimia sukari vilikuwa vimekwisha tangu juzi. Kabula akaweka kiganja shingoni mwa mumewe. Ngozi ilikuwa baridi, imelowa jasho, na mshipa ulipiga mbio chini yake. Mikono ya mumewe ilikuwa ikitetemeka.

Akakumbuka uji. Mumewe alijichoma, akauacha uji wake, akakimbilia kuvuna pamba mvua isije ikainyeshea. Na nesi wa Bariadi aliwahi kumwambia kwamba jasho baridi na kutetemeka ni sukari kushuka.

"Usimchome! Utamuua!"

Alikimbia ndani, akarudi na kopo la sukari. Akalowesha kidole, akakichovya, akampaka mumewe ndani ya shavu na kwenye fizi. Akachovya tena. Na tena. Chembe zilimng'ang'ania mumewe kwenye ndevu.

"Kaka yangu anakufa, wewe unamlisha sukari!"

Kabula alichovya tena kidole. Aliendelea kupaka, mpaka ulimi ukasogea, ukakilamba kidole. Koo likapanda, likashuka.

"Kabula," mumewe alisema, "mbona mmenilaza chini?"

Mdogo wake bado alikuwa ameshika sindano.